Hali Shwari Ndani ya Basi

“Tusomee safu ya mwisho, Bi. Jeptoo,” wakili Cornelius akasema, na akanisukumia karatasi juu ya meza kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayekurudishia sahani ambayo hukuiosha vizuri.

Nikavaa miwani. Sikuihitaji. Mwandiko ulikuwa wangu na ningeusoma hata nikiwa nimelala, lakini nilitaka sekunde tatu za kupumua. Ukumbi wa hoteli ile ya Al Sadd, hapa Doha, ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Mbele yangu walikaa waheshimiwa watano wa kamati ya Bunge, waliotoka Nairobi kuja kusikiliza maoni yetu juu ya mswada. Nyuma yangu Wakenya mia mbili na ushei, nusu yao bado wamevaa yunifomu za kazi. Na juu ya meza, kando ya kipaza sauti, kulikuwa na simu ya rafiki yangu Shiru, na ndani ya simu hiyo Kioko, anasikiliza kutoka kwao Mwingi.

“Nasoma,” nikasema. “Saa kumi na moja na robo alfajiri, basi limeondoka kambini. Abiria arobaini na saba. Saa moja na dakika tano, basi limefika kituo cha mwisho.”

“Na safu ya mwisho?”

“Hali shwari.”

“Tarehe?”

Nikamtajia tarehe. Ilikuwa siku ambayo Kioko alivunjika mkono, ndani ya basi hilohilo, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimeketi.

*

Mimi ni soja. Wengine hupenda kusema “afisa wa usalama”, haya, hongera zao. Mimi nimelinda geti la kinu cha unga Eldoret miaka minne, na majengo ya Doha miaka saba, na jina soja halijawahi kunipunguzia kitu. Nina sauti ya kusimamisha lori na mwandiko wa kumtoa mwalimu machozi. Hayo mawili najivunia, na ni hilo la pili lililonitia mashakani.

Soja yeyote aliyefunzwa kwetu atakuambia kwamba kazi yetu si kirungu wala tochi. Kazi yetu ni OB, kile kitabu cha matukio. Kila saa unaandika. Saa nne, hali shwari. Saa tano, hali shwari. Siku yangu ya kwanza pale kinuni, mkubwa wangu alinionyesha safu ya mwisho akasema, “Hapa usiache wazi hata siku moja. Ukiacha wazi utaulizwa.” Baada ya wiki moja nilikuwa nimejua pia ule ujanja ambao hakuna anayekufundisha kwa mdomo: kwamba shwari zinaweza kuandikwa mapema. Nimemwona mwenzangu akijaza shwari sita mfululizo kabla ya kunywa chai, kisha akaketi kwa amani kuzisubiri hizo saa zifike.

Doha nilipofika, kampuni iliyonichukua ilikuwa na mabasi manane ya kubeba wafanyakazi, na kila basi lilikuwa na OB yake. Mimi nikapewa basi namba saba. Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mwandiko, na kwa sababu nilikuwa na mdomo. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unasimama mlangoni, unamgusa kila mtu begani anapopanda, unahesabu, unaandika. Mwisho wa mwezi unapiga picha kurasa zote unamtumia supavaiza kwa WhatsApp.

Lile basi lilikuwa na viti thelathini. Sikosei, nilivihesabu siku ya kwanza na nikadhani nimekosea, nikavihesabu tena. Sisi tulikuwa arobaini na saba. Wanawake tulikaa mbele, wanaume waliowahi wakakaa nyuma, na kumi na saba waliobaki walisimama katikati wameshika chuma cha juu kwa karibu saa mbili nzima, kisha wakashuka kwenda kusimama getini kwa saa nyingine kumi na mbili. Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya Al Rayyan, mbali kabisa, mahali ambapo hata mwenye duka hufikiria mara mbili kabla ya kuleta mkate. Tulilala watu kumi na wawili chumba kimoja. Ukilazwa mbali namna hiyo, kiyoyozi kikikohoa kuliko kinavyopoza, na vituo vitano njiani, unafika kazini umeshachoka kama mtu anayetoka.

Na Kioko ndiye aliyesimama kuliko wote. Alikuwa mrefu, Mkamba wa Mwingi, mtaratibu mpaka anakukera. Akiwahi kiti, ataangalia nyuma aone nani ametoka shifti mbili, amwachie. “Kaa, nitapumzikia Mesaimeer,” alikuwa akisema, maana Ijumaa alikuwa akipiga gitaa kwenye kwaya yetu kule kanisani, na kwake hiyo ndiyo iliyokuwa mapumziko. Alipiga gitaa kwa vidole vitupu, bila haraka. Wakati mwingine mchungaji alisahau kusimama kuhubiri, anatikisa kichwa tu.

Asubuhi ile kulikuwa na vumbi hewani. Nilikuwa nimejaza mstari mzima wa OB kabla hatujaondoka: saa ya kutoka, idadi, saa ya kufika, hali shwari. Kuandika ndani ya basi linaloyumba kunaharibu mwandiko, na mimi na mwandiko wangu, si nimekuambia? Nikafunga kitabu nikakiweka mapajani. Tulikuwa hatujafika kituo cha pili lori la maji likaingia barabarani bila kuangalia. Dereva wetu akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Wanaume kumi na saba walikuja mbele kwa pamoja. Kioko ndiye aliyekuwa wa kwanza, na wengine wakamwangukia. Mkono wake wa kushoto uliingia chini ya chuma cha kiti. Niliisikia ile sauti, na sitaieleza. Hakupiga kelele. Walipoinuka wengine aliniangalia akasema, kama anayeripoti, “Jeptoo, mkono wangu umegeuka.”

Tulimpeleka kliniki. Tulifika kazini saa tatu kasoro. Jioni supavaiza alikuja kutia sahihi kwenye OB za mabasi yote, amesimama mlangoni na kalamu yake. Akafungua ukurasa wa siku ile. Akasoma. Akaniangalia.

“Iko sawa?” akauliza.

Sheria ya kusahihisha OB naijua vizuri sana. Unapiga mstari mmoja juu ya ulichokosea, unaandika kilicho sahihi, unatia sahihi kando. Kazi ya dakika moja. Lakini mstari juu ya OB ni maswali, na maswali ni ofisini, na mkataba wangu ulikuwa unaisha baada ya wiki tatu. Nilimwona yule bwana alivyonitazama. Hakunitisha. Hakusema neno la ziada. Alinipa nafasi tu, nami nikaichukua mbio.

“Iko sawa,” nikasema.

Miezi miwili baadaye Kioko alirudishwa nyumbani, mkono haukunjiki kwenye kiwiko, na vidole viwili havishiki kitu. Karatasi aliyopewa ilisema aliteleza bafuni kambini. Alibishana nao mpaka mwisho. Alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege, na maneno yake ninayo mpaka leo. “Niliwaambia waangalie OB ya basi. Niliwaambia Jeptoo huandika kila kitu. Wakasema wameangalia, hakuna kitu. Wameuficha huo ukurasa, Jeptoo. Lakini asante, wewe najua uliandika.”

“Pole, Kioko,” nikamjibu. Ni hilo tu nililoweza.

*

Mwaka uliofuata nilihamia kampuni nyingine, nzuri, ya kulinda majengo hukuhuku Al Sadd, na nikadhani yamekwisha. Ndipo Shiru akaja na mswada.

Shiru alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki moja, mwanamke mdogo wa kimo, asiyejua kunyamaza. Alikuwa ameusoma wote, kurasa sitini, kwenye simu. Ulikuwa mswada wa wafanyakazi walio ng'ambo, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha ishirini na mbili, cha makazi na usafiri. Kilisema hivi: hakuna wakala atakayepewa leseni ya kupeleka Mkenya nje mpaka mkataba uonyeshe atalala wapi, wangapi chumbani, umbali gani kutoka kazini, na kwamba kwenye gari la kazi kila mtu ana kiti chake. Kiti kimoja, mtu mmoja.

“Mawakala wanataka kifutwe,” Shiru akaniambia. “Wanasema waajiri watakimbilia nchi nyingine. Na kamati inakuja hapa kuchukua maoni ya umma. Jeptoo, aki hii ndiyo nafasi.”

Sheria za Qatar tuliziachia wenye Qatar. Sisi tulikuwa tunaongea na serikali yetu, ile inayogonga muhuri kwenye karatasi zetu Nairobi kabla hatujapanda ndege. Hatukubeba mabango. Kila Ijumaa baada ya ibada, pale Mesaimeer, tuliweka meza ya kukunja kando ya maegesho, na watu wakaja mmoja mmoja. Wengi waliogopa kuandika, wakatusimulia tukaandika sisi. Shiru alikuwa na futi ya fundi cherehani, ile laini ya manjano, anaizungusha kambi kwa kambi akipima vyumba. Alipima chumba fulani akanipigia simu akicheka kwa hasira. “Ngai! Nikilala sakafuni nikinyoosha mikono, nagusa vitanda vinne. Na mimi ni mfupi!”

Mimi nilileta picha. Zilikuwa bado kwenye simu yangu, kurasa za OB za miaka mitatu, safari elfu moja na kumi na mbili za basi namba saba. Kila safari na idadi yake. Arobaini na saba, arobaini na sita, arobaini na tisa. Shiru alizipitisha kwa kidole, mdomo wazi. “Hii ni dhahabu, mama. Hakuna mwingine aliye na hii.” Nikavimba kichwa, siwezi kukataa. Tukazichapisha zote, tukazifunga na waraka wetu, tukapeleka.

Hakuna kati yetu aliyeona safu ya mwisho. Shiru hakuiona kwa sababu alikuwa anatazama idadi. Mimi sikuiona kwa sababu soja haioni. Ni kama mstari wa chini ya ukurasa, umechapwa na kitabu. Siku elfu moja na kumi na moja sikuiona, naapa. Ile moja niliiona. Nikaipita haraka nikijiambia nani atasoma karatasi yote hiyo.

Na kumbe wakili Cornelius, aliyetumwa na chama cha mawakala, alikuwa ameisoma yote.

*

“Mara elfu moja na kumi na mbili, Mheshimiwa Mwenyekiti,” alikuwa akisema sasa, amesimama, kifungo cha koti kimefungwa. “Nimezihesabu mwenyewe. Shahidi huyu, ambaye ndiye nguzo ya waraka huu, hakuandika hata mara moja kwamba kuna joto, kuna msongamano, kuna ajali. Leo tunaombwa tutunge sheria ya kutibu ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe ameandika, kwa mkono wake, kwamba hana.” Akanigeukia, na hapo sauti yake ikawa laini. “Au Bi. Jeptoo, mwandiko huu si wako?”

Ukumbi ukanguruma. Shiru aliniinamia sikioni. “Sema walikulazimisha,” akanong'ona. “Kila mtu ataamini.”

Na kweli wangeamini. Hata mimi nilikuwa karibu kuamini. Nilimwona yule supavaiza mlangoni na kalamu yake, na ningeweza kumwongezea maneno mawili matatu, kitisho kidogo hivi, na nani angenipinga? Nikaitazama simu pale mezani. Dakika na sekunde zilikuwa zinapanda kwenye kioo. Kioko alikuwa anasikiliza. Siku ile ya uwanja wa ndege alikuwa amenishukuru.

“Mwandiko ni wangu,” nikasema. “Na hakuna aliyenilazimisha.”

Nikasimama. Nikikaa siongei vizuri.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, mstari huo niliuandika kabla basi halijaondoka. Wote. Hata saa ya kufika. Saa kumi na moja na dakika arobaini dereva alipiga breki, na Kioko, ambaye yuko kwenye simu hii, akavunjika mkono kwa sababu alikuwa amesimama, na alikuwa amesimama kwa sababu hakukuwa na kiti. Jioni niliulizwa kama kitabu kiko sawa. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikasema kiko sawa, kwa sababu niliogopa mkataba wangu. Kampuni ilipoandika kwamba aliteleza bafuni, ushahidi wao ulikuwa mimi.” Nikaigeukia simu. “Kioko, hakuna ukurasa uliofichwa. Walisoma nilichoandika. Nisamehe.”

Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Mwenyekiti, Mheshimiwa Phoebe, alikuwa mama wa makamo mwenye kilemba cha kijani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka hata kidogo. Alishusha kalamu.

“Bi. Jeptoo, umetuambia sasa hivi kwamba ulidanganya kwenye kitabu. Kwa nini kamati hii ikuamini leo?”

“Kwa sababu lile nililoandika lilinifaa, na hili ninalosema linaniumiza,” nikajibu. “Halafu, Mheshimiwa, idadi usiitupe. Ile sikuandika kwa mazoea. Kila mmoja nilimgusa bega. Arobaini na saba ni mabega arobaini na saba. Lakini ile safu ya mwisho, hapo soja haandiki kile anachoona. Anaandika kile ambacho hakitamletea maswali. Naweza kuuliza wenzangu kitu kimoja?”

Mheshimiwa Phoebe akamtazama wakili. Wakili akainua mabega.

“Uliza.”

Nikageuka. Nikatumia ile sauti ya kusimamisha lori. “Kila soja aliye humu ndani. Kama umewahi kuandika hali shwari na haikuwa shwari, inua mkono.”

Walikuwa wanaogopa, na niliwaelewa; mkubwa wangu mpya mwenyewe alikuwa ameketi safu ya tatu. Kisha mkono mmoja nyuma. Kisha mitatu. Kisha ukumbi mzima ukainuka kwa mikono, yunifomu za buluu, za kahawia, za kijivu. Pale mlangoni kulikuwa na Mganda mmoja, soja wa hoteli yenyewe, Arnold kwa jina lililokuwa kifuani, ambaye hata hakuwa wa mkutano wetu. Alikuwa pale kulinda mlango tu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akainua wake pia, juu kabisa.

Mheshimiwa mmoja akacheka, akajizuia. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anahesabu mikono, midomo ikitikisika.

“Msikifute hicho kifungu,” nikasema. “Kiongezeeni. Kitabu cha basi asiandike msimamizi peke yake. Kila safari watie sahihi abiria wawili, na mmoja awe yule aliyepanda mwisho. Yule ndiye anayejua kama kuna kiti.”

Nikaketi. Nikaitazama simu. Kioo kilikuwa cheusi.

“Imekatika,” Shiru akasema. “Labda ni network.”

“Saa ngapi?”

“Sijui. Uliposema nisamehe, hapo.”

*

Nataka nikuambie nilirudi nyumbani nimevunjika. Hapana. Nilirudi nikiwa na njaa kali, nikala wali na maharagwe sahani mbili, nikalala kama mtoto. Nilikuwa nimebeba kitu miaka miwili na nimekitua, na mwili ulijua. Kilichonisumbua ni simu. Nilimpigia Kioko siku ya pili, haikushikwa. Nikampigia Ijumaa, nikamtumia ujumbe, nikaona amesoma. Basi. Nikamwacha. Mtu uliyemkosea humchagulii siku ya kukusamehe.

Mkubwa wangu mpya aliniita wiki ileile. Nilikuwa napigiwa debe kuwa supavaiza. Akaniambia, kwa upole, kwamba cheo kimeenda kwa mwingine. Nikamwambia sawa, na nikamaanisha sawa. Akanisindikiza mlangoni kisha akauliza, kama asiyetaka kuuliza, “Na hivi vitabu vyetu hapa, unafikiri vinasema ukweli?” Nikamjibu aje alfajiri moja apande basi letu la wafanyakazi ajionee. Alikuja, akasimama njia nzima.

Sheria huchukua muda wake. Kamati ilirudi Nairobi. Tuliambiwa mswada umesomwa mara ya pili, tukaambiwa umekwama, tukaambiwa mawakala wamekutana na huyu na yule. Shiru alikuwa akinitumia habari kila asubuhi kama mtu anayefuatilia ligi. Kila Ijumaa meza yetu ya kukunja ilikuwa pale pale kando ya maegesho, maana tuliapa tusingojee tumekaa. Tuliandika barua kwa wabunge wa kwetu kila mmoja, kwa majina yao. Mimi wa kwangu nilimwandikia mara tisa. Mara ya tisa alijibu.

Miezi kumi na mmoja baada ya kikao kile, mswada ulisomwa mara ya tatu ukapita, na kifungu cha ishirini na mbili kilikuwamo. Ilikuwa Ijumaa. Kwaya ilikuwa imemaliza, watu wanamiminika nje ya kanisa wakijifuta jasho, na Shiru akaja mbio kati ya magari, ameshika simu juu, viatu mkononi. Alipiga yowe moja ambalo lilimfanya polisi wa getini ageuke. Tulikumbatiana mpaka meza ikaanguka.

Nilikuwa nainama kuokota karatasi simu yangu ilipolia. Namba ya nyumbani. Nikaijua.

“Jeptoo.”

“Kioko.”

Nilisikia kuku kwao, na mtu anakata kuni.

“Siku ile haikuwa network,” akasema. “Nilikata mimi.”

“Nilijua.”

“Nilikasirika. Nilikuwa nimewaambia watu wa huku wote, hata chifu, kwamba wewe uliandika. Nilikuwa nakutetea. Nikaona aibu mpaka nikakosa pa kuuweka uso.” Akavuta pumzi. “Halafu nimesikia sasa hivi kwenye redio. Wamesema kuna kifungu cha kiti. Nisomee.”

Nikaenda kusimama upande wa kivuli, nikamsomea kutoka kwenye simu ya Shiru, neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida. Mahali pa kulala. Idadi chumbani. Umbali. Kiti kimoja, mtu mmoja. Na mwisho, daftari la safari litakalotiwa sahihi na abiria wawili, mmoja wao akiwa aliyepanda mwisho.

“Aliyepanda mwisho,” Kioko akarudia. “Huyo si nilikuwa mimi kila siku?”

“Ulikuwa wewe.”

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu kliniki.

“Na ile siku,” akasema. “Kama ungeandika, ungeandikaje?”

Daftari la ushuhuda nililokuwa nimeliokota lilikuwa bado kwapani, na kalamu ndani yake. Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika tarehe ile juu, kisha nikaanza kumsomea nikiandika, polepole, mwandiko wangu wote: basi namba saba, viti thelathini, abiria arobaini na saba. Lori la maji limeingia barabarani. Dereva amefunga breki. Kioko Musyoka, aliyekuwa amesimama kwa kukosa kiti, ameanguka na kuvunjika mkono wa kushoto. Tumempeleka kliniki. Watu wote wameshtuka, na mimi nimeogopa.

Nikafika safu ya mwisho. Nikangoja aseme.

“Umesahau saa,” Kioko akasema. “Weka na saa.”

“Saa kumi na moja na dakika arobaini,” nikasema, na nikaiandika.